Ng'ambo Mbili za Pa Jante

Ukitoka Lubumbashi kwenda Kasenga, baada ya kupita Kasomeno, vituo vidogo vya barabarani vina majina ambayo hutayaona kwenye ramani. Madereva ndio waliovibatiza. Kuna Pa Kamioni, ambako lori lililoharibika lilikaa kando ya njia miaka na miaka, mpaka mtu mmoja akalitia mlango wa mbao na kuligeuza duka la sabuni na chumvi. Kuna Pa Asali. Na kulikuwa na kwetu, Pa Jante, kwa sababu ya jante, ule mviringo wa chuma wa gurudumu la lori, uliokuwa umening'inizwa kwenye mti ukingoni mwa barabara. Ukiugonga kwa nondo, sauti yake ilifika mpaka mashamba ya mbali.

Jante hiyo waliileta baba yangu na mdogo wake, zamani, kabla hawajaoa. Waliivingirisha kwa mikono kutoka Pa Kamioni, na kwenye kila mteremko iliwaponyoka, nao wakaikimbilia huku wakicheka na kuku wa watu wakitawanyika. Hivyo ndivyo nkambo, mama yao, alivyokuwa akitusimulia. Walitaka kanisa letu dogo lipate kengele. Baadaye ikawa kengele ya kila jambo: misa, moto, msiba, na lori la samaki linapoonekana likirudi kutoka Kasenga.

Nilizaliwa hapo. Nyumba zilikuwa chache, na kila nyumba ilikuwa na kitu chake cha kuuza mbele ya njia: magunia ya makala, yaani makaa, mihogo mikavu, uyoga wakati wa mvua, nyanya zilizopangwa vilima vidogo juu ya gunia. Nyumba ya baba mdogo ilikuwa karibu na kanisa na makaburi. Yetu ilikuwa upande wa pili wa uwanja, umbali ambao mtu anaweza kuita bila kujichosha. Mama akikosa chumvi aliita tu, na chumvi ikaja.

Sijui nani alikata mti wa mwisho kati ya ile iliyokuwa nyuma yetu. Wote tulikata. Mji ulitaka makala na sisi tulitaka kula. Ikafika wakati ambapo kiangazi kikianza, upepo uliinua vumbi jekundu kutoka uwanjani na kulizungusha mpaka likaingia kwenye masufuria. Abiria walioshuka kunyoosha miguu walitazama huku na huku wakasema pamekuwa jangwa. Sisi watoto tulicheka, maana kwetu jangwa lilikuwa mahali pa ngamia, na hatukuwa na ngamia.

Korongo lilianza kama ufa uliochimbwa na maji ya mvua yaliyomwagika kutoka barabarani. Tuliuruka kwa kushindana. Masika yaliyofuata hatukuweza tena kuuruka, ikabidi tushuke na kupanda. Kisha mbuzi wa katekista akatumbukia na kuvunjika shingo, na mama akatukataza kabisa kusogea. Mwaka hadi mwaka liliendelea kula ardhi. Kuta zake zilikuwa nyekundu juu na nyeupe chini, na wakati wa kiangazi hapakuwa na tone la maji ndani yake, ni mchanga mtupu wa kuunguza nyayo. Watu wa mjini walisimamisha magari wakapiga picha. Kwao palikuwa pazuri.

Mwishowe likakata barabara, na likapita katikati ya uwanja wetu. Mashine zikaja, barabara ikasogezwa upande wa nyumba yetu. Upande wa baba mdogo ukabaki na kipande cha barabara ya zamani kisichopitwa na gari, na kanisa, na makaburi, na mti wa jante, na kichuguu kirefu ambacho watu walikipanda ili simu zipate reseau, yaani mtandao. Sisi tulipata magari. Chefu wa eneo alishauri wote wahamie upande wa barabara mpya, na wengi wakahama. Baba mdogo hakuhama.

Ugomvi ulizuka mbele ya watu, katika kikao, na nilikuwepo, nimekaa chini karibu na miguu ya nkambo.

"Jante ikuye huku," baba alisema. "Bachofere banajua hapa juu ya ile jante. Bila ile, batapita tu."

"Jante iko ya kanisa," baba mdogo akajibu, "na kanisa iko pa makaburi ya baba yetu."

"Weye utakaa na bafu ba mu makaburi mupaka lini?"

"Na weye utakimbilia makamioni mupaka lini?"

Watu wakacheka. Hakuna aliyecheka kwa ubaya, lakini nilimwona baba akikaza taya. Alikuwa mkubwa, alizoea kusikilizwa na mdogo wake, na sasa mdogo wake alikuwa amewafanya majirani wamcheke. Nkambo alinyoosha mkono akasema, "Banangu, achieni pale." Hawakuachia.

Siku chache baadaye baba alivuka na wanaume kadhaa, na ngazi, na kamba. Wakati huo bado kulikuwa na kijia cha kushuka ndani ya korongo na kupanda upande wa pili. Tuliwatazama kutoka ng'ambo yetu. Baba mdogo alikuja akasimama chini ya mti. Hakumshika mtu wala hakuinua sauti, ila asubuhi ilikuwa tulivu na kila neno lilitufikia.

"Beba," alisema. "Lakini ukibeba, ubebe na undugu. Miye sina tena yaya."

Yaya, kwetu, ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Baba alikuwa juu ya ngazi, kamba mkononi. Alisita kidogo, nadhani, au labda ni mimi ninayetamani kwamba alisita. Kisha akafungua fundo.

Jante ikatundikwa upande wetu juu ya magogo mawili, na kweli madereva waliendelea kusimama. Ilipogongwa, sauti ilivuka korongo kama kawaida, ikamkuta baba mdogo shambani kwake au mezani kwake. Hakuwahi kuitikia. Mtu akifa upande wetu, alikuja kwenye kilio kwa sababu alikuwa ameona watu wakikusanyika, si kwa sababu ya jante.

Hivyo tukaishi tukitazamana. Mke wa baba mdogo na mama walipungiana mikono asubuhi wakifagia. Sisi watoto na binamu zetu tulipigiana kelele za masomo, mmoja anauliza kutoka huku, mwingine anajibu kutoka kule. Baba na mdogo wake walitoka kunawa uso kwa wakati mmoja, kila mmoja na beseni lake, kila mmoja ametazama upande. Lakini baba alijua kila kinachoendelea kule.

"Banabadirisha manyasi ya nyumba," angesema wakati wa kula, kana kwamba anazungumza na sahani. Au, "Ile muhindi ya kule haikukomea muzuri mwaka huu."

"Enda umupatie mbegu," mama angemwambia.

Baba angekata tonge la bukari na kulitia mdomoni, na mazungumzo yangeishia hapo.

Kijia cha ndani kilipoporomoka, njia pekee ikawa kuzunguka kwenye kichwa cha korongo, huko vichakani. Nkambo ndiye aliyeizunguka mara nyingi kuliko wote. Alikuwa akiishi kwetu, na alibeba chakula cha huku akakipeleka kule, akarudi na cha kule. Baba alikula majani ya mihogo, sombe ya shemeji yake, kwa miaka hiyo yote bila kuuliza imepikwa wapi.

Nkambo alipofariki, tulimzika kule, karibu na mume wake. Kaburi lilichimbwa na wanawe. Nilisimama na wanawake na niliwaona wazi, baba upande mmoja wa shimo na baba mdogo upande wa pili, wakipokezana. Udongo ulikuwa mgumu. Tuliporudi nyumbani mama hakuweza kuvumilia.

"Ulimuambia nini?"

"Nilimupatia jembe," baba alisema.

"Na yeye?"

"Alipokea."

Mama alisubiri apate zaidi. Hakukuwa na zaidi.

Mwaka huo nilipelekwa Lubumbashi, kwa mdogo wake mama aliyekuwa anaishi Makomeno, ili nisome sekondari. Nikabaki mjini, nilimaliza shule nikapata kazi ya kuuza dawa katika famasia. Nyumbani nilirudi wakati wa likizo, na kila nilipokwenda korongo lilikuwa limeongezeka upana na watu walikuwa wamepungua. Wauza chuma chakavu walipita eneo lile na gari lao, na baada yao jante ikawa haipo. Baba alitafuta mpaka Kasomeno asiipate. Alibaki na yale magogo mawili, akayafanya kuni. Madereva waliendelea kusema "tunashukisha Pa Jante", ila abiria wageni waliposhuka walitazama juu wakitafuta jante wasiione.

Simu iliyobadilisha mambo ilinikuta kazini. Alikuwa binamu yangu, binti mkubwa wa baba mdogo, na nilijua amepanda kile kichuguu kwa sababu nilisikia upepo.

"Baba alianguka mu shamba," alisema. "Aliamuka, anatembea kiloko. Lakini kichwa yake inapotea. Hanijue tena muzuri. Ananiita jina ya mama."

"Umemwambia baba yangu?"

"Siwezi. Baba alitukatazaka, tangu zamani, tusiite watu ya ngambo juu ya mambo yake. Lakini weye uko Lubumbashi. Juu yako hakusemaka kitu."

Ujumbe huo ulipaswa kuvuka mahali ambapo mtu angeweza kurusha jiwe, na badala yake ukaja mpaka mjini. Siku iliyofuata nilipata nafasi kwenye gari lililokuwa linarudisha vikapu vitupu vya samaki, nikafika Pa Jante mchana, nguo zangu zikinuka. Baba alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nilimwambia. Aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha, akaliweka chini, akaingia ndani. Alitoka amevaa shati lake la Jumapili.

"Twende," alisema.

Jua lilikuwa kali na njia ya kuzunguka ilikuwa imerefuka, kwa sababu kichwa cha korongo kilikuwa kinasogea mbali zaidi kila masika. Pembeni yetu kuta nyekundu ziliteremka hadi kwenye mchanga mweupe. Baba alikuwa mbele. Alitembea upesi, halafu polepole, halafu akasimama akajifanya anatoa jiwe kwenye kiatu. Nilijua anaogopa, nami sikuwa nimewahi kumwona akiogopa.

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti, kivulini mwa ukuta, amenyolewa vizuri. Alikuwa amekonda, mkono wake mmoja umelala juu ya paja kama kitu cha mtu mwingine. Baba alisimama mbele yake. Binamu yangu aliyeshika sufuria alisimama pia. Baba mdogo aliinua macho, akamtazama baba kuanzia viatuni mpaka kichwani, uso wake ukachangamka kwa adabu, ule uchangamfu wa kumpokea mpita njia.

"Karibu, muzee. Unatoka wapi na hii jua?"

Baba aligeuka akatazama tulikotoka.

"Natoka ngambo," akasema hatimaye.

"Ah, ngambo! Kule iko yaya yangu. Unamujua?"

Binamu yangu aliweka sufuria chini. "Baba, huyu njo…"

Baba alimwonyesha kiganja, taratibu, kama mtu anayemzuia mtoto asimwamshe mgonjwa. Kisha akavuta kigoda akakaa.

"Namujua kiloko," alisema.

"Iko muntu mugumu," baba mdogo akasema, na akacheka. "Mugumu sana! Lakini yeye njo alinifundisha kulima, njo alinitafutiaka bibi. Bibi yangu, yaya njo alienda kuzungumuza na bazazi yake. Unajua ile?"

"Sikujua," baba alisema.

"Enhe. Sasa alikasirika. Miye pia nilikasirika. Kama unarudia kule, umuambie miye sina tena kitu mu roho. Akuye tu. Na ile jante, aichunge muzuri. Tuliitosha mbali sana, tukiivingirisha, ile jante."

Nilimtazama baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta vumbi ambalo halikuwepo kwenye goti la suruali.

"Nitamuambia," alisema.

Chakula kikaletwa, bukari na tilapia ya Kasenga. Wakanawa kwenye beseni moja. Baba mdogo, kwa ule mkono wake mzima, alimega nyama ya mgongo wa samaki, sehemu nono, akaiweka upande wa mgeni. Baba aliila.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakujitaja. Alijibu bila kugeuka.

"Alikuwa anasema muzuri juu yangu. Niliogopa kumukatiza."

Nilirudi Lubumbashi kazini, lakini habari nilizipata kwa binamu yangu, kutoka kichuguuni. Baba alikwenda kila Jumapili baada ya sala ya upande wetu. Kila Jumapili alipokelewa kama mzee mgeni wa ng'ambo, akauliziwa safari, akapewa kiti. Kila Jumapili baba mdogo aliuliza kama ujumbe umefika.

"Ulimuambia?"

"Nilimuambia."

"Alijibu nini?"

"Anasema atakuya."

"Atakuya," baba mdogo angewaambia watu wa nyumbani, ameridhika.

Nilipata ruhusa karibu na mwanzo wa mvua, nikaenda na baba mara moja tena. Siku hiyo baba alikuwa ameamua. Aliketi, akaushika ule mkono uliolala, akasema, "Mudogo wangu. Ni miye. Ni miye yaya yako. Nilikuya."

Baba mdogo alimkazia macho. Kwa kitambo kidogo nilidhani amemtambua. Paji lake la uso lilikunjamana, akamsogelea baba karibu kabisa, akayapitisha macho kwenye mvi zake, kwenye mashavu yaliyobonyea, kwenye pengo la meno ya mbele. Kisha akacheka, bila dharau, kama mtu anayefurahia mzaha wa rafiki.

"Weye? Hapana, muzee. Weye uko muzee. Yaya yangu haiko muzee vile."

Baba akacheka naye. Sijui alipata wapi nguvu hiyo. Alisema, "Kweli, niliongopa," na wakaendelea kuzungumza juu ya mvua. Mimi niliondoka nikaenda nyuma ya kanisa. Binamu yangu alinifuata, tukasimama pale tukitazama nyumba yetu ng'ambo, jinsi ilivyokuwa karibu, na mama akianika nguo kwenye kamba.

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Katika kichwa cha baba mdogo, kaka yake alikuwa bado yule mwanamume mwenye nguvu juu ya ngazi, na miaka waliyonyimana ilikuwa haipo. Ilikuwa imebaki usoni kwa baba peke yake, na ndiyo iliyomfanya asitambulike.

Baba mdogo alikufa mvua zilipokolea. Baba alikuwa kando yake, kwa sababu korongo lilikuwa limejaa maji mekundu na njia ya kurudi ilikuwa imekatika, akalazimika kulala kule wiki nzima. Binamu yangu anasema siku za mwisho baba mdogo hakuuliza tena juu ya ujumbe. Alimshika mgeni kidole, hakukiachia. Mkewe alimwambia baba kwamba hiyo ilikuwa dalili, kwamba mikono hukumbuka hata kichwa kikisahau. Baba alimshukuru, lakini nadhani hakumwamini.

Baada ya kilio watu walizidi kuondoka. Mwaka uliofuata korongo lilifika jikoni kwetu. Wazazi wangu walihamia Kasungami, pembeni ya Lubumbashi, ambako bado kuna nafasi ya kulima mboga, na mke wa baba mdogo na binti yake wakaja kukaa nao uani. Baba ndiye aliyewajengea nyumba. Alifyatua matofali mwenyewe, akakataa vijana wamsaidie. Kutoka Makomeno ninapanda gari kuwaona siku za mapumziko, nawakuta mama na mke wa baba mdogo wamekaa kwenye mkeka mmoja, wanachambua mboga na kubishana juu ya chumvi. Inaniuma kuona jinsi ilivyo rahisi.

Mwezi uliopita nilikaa na baba kwenye matuta yake. Nilikuwa nimenyamaza na swali moja muda mrefu, nikaona kama sitauliza sasa sitauliza kamwe.

"Baba, miaka yote ile, juu ya nini haukwendaka tu?"

Hakukasirika. Alikuwa ameshika mche wa kabichi, mizizi ikining'inia na udongo wake.

"Nilikuwa naona moshi ya jikoni yake kila asubuhi," alisema. "Nikiona moshi, nasema, bon, iko muzima. Nitaenda kesho. Kama angekuwa mbali, mu Kasenga, ao mu Zambia, ningemutafuta. Lakini alikuwa pale. Nilikuwa namuona."

Aliuchimbia mche shimo kwa vidole, akauweka, akakandamiza udongo pande zote mbili. Kisha akanyoosha mkono, akaniomba nimsogezee mwingine.